Mwaka Pwani Ilipomngoja Mjapani

Asubuhi ya Jumapili ya Pasaka, tarehe 5 Aprili 1942, ndege za Kijapani zilizoruka kutoka katika meli tano za kubebea ndege ziliushambulia mji wa Colombo, katika kisiwa cha Ceylon ambacho leo huitwa Sri Lanka, na mchana wa siku hiyo hiyo zikazikuta baharini manowari mbili za Kiingereza, Cornwall na Dorsetshire, zikazizamisha zote mbili. Siku nne baadaye zilirejea, safari hii zikaipiga Trincomalee, bandari iliyo upande wa mashariki wa kisiwa hicho, na kusini ya bandari hiyo zikaizamisha Hermes, meli ya kubebea ndege ambayo siku ile haikuwa na ndege hata moja ya kujikingia. Kati ya Ceylon na Mombasa hapana bara wala ngome. Pana visiwa vya Maldivi, kisha maji matupu, na mwisho wa maji hayo ni Lamu, Malindi, Mombasa, Tanga, Pemba, Unguja na Dar es Salaam.

Kwa karne nyingi watu wa Mwambao waliyajua maji hayo kwa majira yake. Kaskazi ilipovuma ilileta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yakiwa na tende, mazulia, vyombo vya shaba na wageni wa kila namna, na kusi ilipoanza, mwezi huo huo wa Aprili, majahazi yalitweka matanga yakarudi makwao yamesheheni boriti za mikoko. Hata mwenye nia mbaya alilazimika kuungoja upepo, na kwa hiyo aliyekuwa na hofu ya shari alijua mwezi wa kuitazamia. Adui wa mwaka 1942 hakuwa na haja ya kusi wala kaskazi. Nyambizi yake ilipita chini ya maji bila ya kuonekana na mvuvi, na ndege zake ziliweza kuruka alfajiri kutoka mahali palipo nje kabisa ya upeo wa macho na kuwa juu ya mji kabla watu hawajamaliza kunywa chai.

Hofu ya mwaka ule imesahauliwa mno katika maandishi yetu, ambayo yakitaja Vita Vikuu vya Pili hutaja vijana waliokwenda Uhabeshi, Bukini (Madagaska) na Bama (Burma), yakawaacha waliobaki nyumbani kana kwamba wao hawakuwa na vita. Walikuwa navyo. Na nionavyo mimi, jambo la kuzingatiwa zaidi katika habari yao ni kwamba macho ya pwani nzima yalielekezwa baharini kumtazamia adui atakayeshuka mchangani, naye hakushuka kamwe, ilhali vita vilikwisha kuingia kwa njia nyingine, katika chungu cha chakula na katika daftari la waandikishaji wa watu, na kwenye milango hiyo miwili hapakuwekwa mlinzi yeyote.

Lakini kwanza tuwape haki yao walioogopa, kwani hofu yao haikuwa ya watoto. Mzee wa Unguja aliyekuwa na umri wa miaka 60 mwaka 1942 alikuwa amekwisha kuyaona mambo mawili makubwa yakitoka baharini. Alipokuwa kijana, tarehe 27 Agosti 1896, baada ya kufariki Seyyid Hamad bin Thuwaini na Seyyid Khalid bin Barghash kukishika kiti cha enzi bila ya ridhaa ya Waingereza, manowari za Kiingereza zilizotia nanga mbele ya mji zililipiga jumba la Sultani kwa mizinga, na kwa muda usiotimia saa moja wakauawa na kujeruhiwa watu wapatao 500. Seyyid Khalid alikimbilia kwa balozi wa Kijerumani, akapelekwa Dar es Salaam, na huko ndiko Waingereza walikomkamata mwaka 1916 wakamhamisha mbali na nchi yake. Dola iliyofanya hayo ndiyo iliyokuja baadaye kuwafundisha watu wa Unguja nani ni adui wao na nani ni mlinzi wao. Na wao, kwa kuwa walikuwa watu wa adabu na wasio na silaha, walisikiliza.

Jambo la pili lilikuja mwaka 1914. Vita vikuu vya kwanza vilipoanza, Waingereza waliipiga Dar es Salaam kwa mizinga tarehe 8 Agosti, makusudio yao yakiwa mnara wa simu ya upepo, na Wajerumani kwa upande wao, kwa kuchelea manowari zisiingie bandarini, walikizamisha chelezo chao wenyewe katika mlango wa bandari. Hapo ilikuwapo manowari moja ya Kijerumani, Königsberg, chini ya nahodha Max Looff, iliyotoka Dar es Salaam siku chache kabla ya vita na kupotelea baharini, na tangu siku ilipotoka hapakuwa na bandari ya upande wa Waingereza katika mwambao huu iliyolala usingizi wa raha. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 20 Septemba, ilitokea mbele ya Unguja. Bandarini ilikuwamo Pegasus, manowari ya Kiingereza iliyokuwa imesimama kwa matengenezo ya mitambo yake, isiweze kuondoka wala kugeuka. Na kwa kuwa mizinga ya Königsberg ilifika mbali kuliko ya Pegasus, Mjerumani alisimama mahali ambapo makombora ya mwenziwe yaliishia majini, akaipiga mpaka akaiharibu kabisa. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa, na makaburi yao yapo hadi leo katika kisiwa cha Chapwani, mkabala wa mji.

Katika habari ya siku ile limo jambo dogo ambalo wasimulizi hulipita haraka, nami naliona kuwa lina maana kuliko mizinga yenyewe. Königsberg ilipokuwa ikiondoka iliangusha katika mlango wa bandari mapipa yaliyojazwa mchanga, ili aliye pwani adhani kuwa ni mabomu yaliyotegwa majini, aogope kutoka wala kuingia. Yule nahodha alikwisha kuelewa kwamba silaha ya kweli ina mwisho wake, kwani makombora huhesabiwa na mwisho huisha, walakini hofu ya watu wa mji huendelea kumfanyia adui kazi baada ya yeye mwenyewe kwenda zake. Manowari ile ilijificha katika vijito vya delta ya Rufiji, ikaviziwa kwa miezi mingi, na haikuangamizwa mpaka tarehe 11 Julai 1915. Sultani aliyekuwa Unguja asubuhi ile, Seyyid Khalifa bin Harub, ndiye huyo huyo aliyekuwa katika kiti mwaka 1942. Na raia wake wengi waliokuwa watu wazima mwaka 1914 walikuwa hai bado, wakazi wa nyumba zile zile, wakiitazama bahari ile ile.

Basi Italia ilipoingia vitani tarehe 10 Juni 1940, upande wa Hitler, hofu ilipata makao mapya. Waitaliano walikuwa majirani: Uhabeshi na sehemu kubwa ya nchi ya Wasomali vilikuwa mikononi mwao, na mpaka wao na Kenya ulikuwa mrefu, mkavu, na walinzi wake wachache. Ndege zao ziliipiga Wajir mwezi huo huo; mwezi wa Julai waliitwaa Moyale; Agosti waliwatoa Waingereza katika Somalia yao; na tarehe 24 Oktoba ndege zao zilifika Malindi zikaangusha mabomu. Madhara ya Malindi hayakuwa makubwa yakipimwa na yale ya London au Warszawa, lakini mtu wa Mambrui au wa Kilifi hakuwa na sababu ya kuyapima hivyo. Yeye alijua tu kuwa kitu ambacho jana kilikuwa habari ya gazeti leo kimepita juu ya paa lake la makuti. Mapema mwaka 1941 majeshi yaliyotoka Kenya chini ya Jenerali Cunningham, na ndani yake askari wengi wa Keya (King's African Rifles), yaliingia Kismayu, kisha Mogadishu, na tarehe 6 Aprili yakaingia Addis Ababa, na hofu ya Mtaliano ikaisha. Waitaliano wenyewe waliletwa Kenya kwa maelfu wakiwa mateka, wakawekwa kuchimba barabara ya kuteremka Bonde la Ufa, ambako kanisa dogo walilolijenga mwaka 1942 karibu na Mai Mahiu lingali limesimama kando ya njia.

Ikaja zamu ya Mjapani, na huyu alikuwa adui wa namna nyingine kabisa, kwa sababu watu wa pwani walimjua, tena walimjua kwa wema. Katika miaka ya 1930, mikataba ya zamani ya biashara ilipokuwa ikizuia serikali za Afrika Mashariki kuzipendelea bidhaa za Kiingereza kwa ushuru, nguo za pamba za Kijapani zilifurika madukani kwa bei ambayo Manchester haikuweza kushindana nayo, na maskini wengi ambao hapo kabla walivaa nguo moja mpaka iraruke waliweza kununua ya pili. Gora za Kijapani zilikuwa katika kila duka la Mhindi kutoka Lamu hadi Lindi, na Mombasa ilikuwapo ofisi ya balozi wa Kijapani. Mtu aliyejifunga nguo ya Osaka aliambiwa mwezi wa Desemba 1941 kuwa waliomfumia nguo hiyo ni maadui zake, na kwamba wamezizamisha manowari mbili kubwa za Kiingereza, Prince of Wales na Repulse, kwa ndege tu, katika bahari ya Malaya.

Singapore ilianguka tarehe 15 Februari 1942. Ni vigumu leo kumfahamisha kijana maana ya habari hiyo kwa watu waliotawaliwa na Mwingereza. Singapore ilisifiwa kwa miaka mingi kuwa ngome isiyoshindika, na askari waliojisalimisha humo walikuwa makumi ya maelfu. Mwezi wa Machi ilianguka Rangoon, mji mkuu wa Bama, na mwezi huo huo Wajapani walivitwaa visiwa vya Andaman katika Ghuba ya Bengal. Magazeti yalikuwa chini ya udhibiti wa vita. Baraza, gazeti la Kiswahili lililoanzishwa Nairobi mwaka 1939, lilieleza yale yaliyoruhusiwa kuelezwa, na redio zilikuwa chache, watu wakizizunguka kwa makundi kusikiliza. Shaaban Robert, ambaye wakati ule alikuwa karani wa serikali Tanganyika, alizifuata habari za vita hivyo kwa bidii kubwa kiasi cha kuzitungia utenzi mrefu, Utenzi wa Vita vya Uhuru, uliochapwa mwaka 1967 yeye akiwa amekwisha kufariki. Si kila mtu aliyekuwa na subira na elimu yake. Aghalabu ya watu waliyapokea mambo kama yanavyopokewa siku zote mahali ambapo serikali haisemi: kwa uvumi, kwa kunong'onezana kizani, na kwa kutazama yale ambayo wakubwa wanafanya.

Na wakubwa walikuwa wakifanya mambo ya kutia shaka. Baada ya mapigo ya Ceylon, jeshi la majini la Mashariki, chini ya Admeri James Somerville, liliona kwamba Colombo na Trincomalee si mahali pa kukaa tena, likarudi nyuma kiasi cha maili elfu mbili na zaidi na kuifanya Kilindini, bandari ya Mombasa, kuwa makao yake makuu. Katika wiki chache bandari iliyozoea sitima za mkonge na kahawa ilijaa manowari kubwa za mizinga, Warspite, Resolution na nyinginezo. Serikali ilitaka watu wazione nguvu hizo wafarijike. Mimi naamini kuwa mtu mwenye akili aliyesimama Likoni akazitazama alijiuliza swali ambalo halikuwa na jibu la kufariji: ikiwa manowari zote hizi zimekuja kujificha kwetu, ni nini kilichozifukuza kule zilikokuwa? Tena penye manowari ndipo adui anapopatafuta. Kabla yake Mombasa ilikuwa mji wa bandari. Tangu siku ile ikawa shabaha, na hakuulizwa mtu wa Mji wa Kale wala wa Kisauni kama anaridhia.

Shule ya Allidina Visram, jengo lililoelekea bahari kuu, ilitwaliwa na wanamaji, na ndani yake waliwekwa watu waliokuwa wakisikiliza simu za upepo za Wajapani usiku na mchana na kuzifumbua siri zake. Hilo halikujulikana mjini mpaka miaka mingi baada ya vita. Usiku taa zilizimwa au kufunikwa, madirisha yakazibwa. Katika mji wa Waislamu ambamo watu huswali Isha na kutoka kuzungumza barazani, na ambamo arusi na maulidi hufanywa usiku kwa karabai na shamrashamra, giza la amri halikuwa jambo dogo; lilifuta nusu ya maisha ya mji. Na giza hilo halikufuatana na maelezo. Aliyeambiwa azime taa bila ya kuambiwa adui yuko wapi na ana nguvu gani, kila usiku huzidisha mwenyewe ukubwa wa adui huyo.

Tusidhani kuwa Mombasa ilikuwa peke yake katika bahari hii. Ng'ambo, katika mji wa Madras, Bara Hindi, hofu ya mwezi ule wa Aprili ilikuwa kubwa hata ofisi za serikali zikahamishwa bara, watu kwa malaki wakautoka mji kwa treni na magari ya ng'ombe, na wanyama wakali wa bustani ya wanyama wakapigwa risasi ili bomu likivunja vizimba wasije wakatoka mitaani. Manowari za Kijapani hazikushusha askari Madras. Zilizamisha chombo baada ya chombo katika Ghuba ya Bengal, zikaangusha mabomu Visakhapatnam na Kakinada, kisha zikaondoka.

Leo tunaweza kuusoma upande wa pili wa barua. Tarehe 18 Januari 1942, Ujerumani, Italia na Ujapani zilitia saini mapatano ya kijeshi yaliyoigawa dunia kwa mstari wa longitudo 70 mashariki: mashariki ya mstari huo ni uwanja wa Mjapani, magharibi yake ni wa wenzake wawili, ijapokuwa katika Bahari ya Hindi waliruhusiana kuuvuka ikiwa vita vitahitaji. Mombasa iko karibu na longitudo 40. Maana yake ni kuwa pwani yetu, katika hesabu ya Mjapani mwenyewe, haikuwa sehemu aliyoandikiwa. Meli tano zilizopiga Ceylon ziliondoka katika Bahari ya Hindi katikati ya Aprili, na tatu kati yake, Akagi, Soryu na Hiryu, zilizamishwa na Wamarekani katika vita vya Midway mwanzoni mwa Juni, mwaka ule ule. Tangu hapo Ujapani haukuwa tena na nguvu za kuleta jeshi kubwa la majini hadi Afrika. Hatari ile iliyoifanya Mombasa ilale kizani ilikwisha kufa katika Bahari ya Pasifiki kabla kusi haijatimiza nusu yake, na watu wa Mombasa wakaendelea kuiogopa.

Hata hivyo haitakuwa insafu kusema kuwa hapakuwa na kitu. Waingereza, kwa kuchelea Mjapani asiitwae Bukini kwa ridhaa ya Wafaransa wa Vichy, waliishambulia bandari yake ya Diego Suarez tarehe 5 Mei 1942 wakaitwaa. Na usiku wa tarehe 30 Mei nyambizi ndogo za Kijapani, za watu wawili wawili, zilitumwa kuipenya bandari hiyo, zikaijeruhi manowari Ramillies na kuizamisha meli ya mafuta, British Loyalty. Katika miezi ya Juni na Julai nyambizi kubwa zilizozileta ziliizunguka njia ya Msumbiji zikazamisha meli za biashara zaidi ya 20. Hapo ndipo hofu ya pwani ilipokuwa na ukweli: njia ya bahari ilikuwa imekatika, na nchi inayokula chakula kinacholetwa na bahari huumia njia ikikatika hata kama adui hakukanyaga mchanga wake.

Kwani Rangoon ilipoanguka, kilichoanguka pamoja nayo ni sahani ya watu wa Mwambao. Unguja na Pemba zililima karafuu na kununua wali. Mchele wa Bama ulikuwa chakula cha kila siku cha mjini, na shamba lilijikimu kwa muhogo, mtama na mpunga mchache. Mchele huo ulikoma ghafula. Serikali ilianza kuwahimiza watu walime chakula, ikaleta mahindi, ikaleta mgao. Na katika mgao, hapo ndipo naona jeraha ambalo hakuna bomu la Kijapani lingeweza kulifanya. Katika Dar es Salaam chakula kiligawiwa kwa asili ya mtu: Mzungu na haki yake, Mhindi na haki yake, Mwarabu na haki yake, na Mwafrika akapimiwa unga wa mahindi, kwa hoja ya kuwa hicho ndicho chakula chake, hata kama alizaliwa Gerezani au Kariakoo na kulelewa kwa wali tangu kunyonya. Watu waliokuwa wakiswali safu moja na kuoana na kuzikana walijikuta wakisimama katika foleni mbalimbali, na anayetaka wali alibidi kwanza aithibitishe nasaba yake mbele ya karani. Jamii za pwani zilikuwa na fitina zao kabla ya vita, sikatai. Lakini kugawa njaa kwa kabila ni kuifundisha kila jamii kwamba wingi wa jirani yake ni uchache wake. Unguja tuliyaona matunda ya mafunzo ya namna hiyo miaka ishirini baadaye.

Bara nako mahindi yalipungua, na mwaka 1943 Kenya ilipatwa na upungufu wa chakula uliozidi, hata serikali ikaunda tume ya kuuchunguza. Walanguzi walitajirika. Nguo nazo ziliadimika, kwa kuwa gora za Kijapani zilikoma na za Kiingereza hazikufika, na maiti wengine walizikwa kwa sanda zilizopatikana kwa taabu.

Kisha likaja daftari. Malaya ilipopotea, ulimwengu wa Waingereza ulipoteza mpira wake. Visiwa vya Ufilipino na vya Waholanzi vilipopotea, zilipotea pamoja navyo kamba za katani ngumu zilizotumiwa na kila meli. Na Tanganyika na Kenya, nchi za mkonge, zikawa ghafula nchi ambazo vita haviwezi kwenda bila yake. Sheria zilitolewa za kuwashika watu kazini kwa nguvu, Kenya mwaka 1942 na Tanganyika vilevile, na makumi ya maelfu ya wanaume walitolewa vijijini kwenda kukata mkonge, kugema mpira na kulima mashamba ya wageni kwa ujira mdogo, wakisimamiwa na sheria ya vita. Mtu wa Ugogo aliyepelekwa shambani kwa namna hii hakuwahi kumwona Mjapani hata katika picha. Hata hivyo Singapore ilipoanguka ilimwangukia na yeye.

Na wengine waliandikishwa askari. Tanganyika peke yake ilitoa zaidi ya watu 80,000, na Kenya zaidi ya hao. Walikwenda Uhabeshi kwanza. Septemba 1942 walishuka Majunga kuimaliza kazi ya Bukini. Na mwishowe wakapelekwa Bama, nchi ile ile ambayo mchele wake ulikuwa umekoma kuja, kuirudisha kwa damu mikononi mwa mwenye himaya. Safari yao ilianzia Kilindini. Mji uliofundishwa kutazama nje, upande ambao adui atatokea, ulikuwa kila siku ukitoa watu wake kwa mlango huo huo, na hakuna king'ora kilicholia wakati wao walipotoka.

Tarehe 5 Februari 1944 iliondoka Kilindini sitima iitwayo Khedive Ismail, katika msafara wa meli tano zikielekea Colombo pamoja na manowari za kuzilinda. Ndani yake walikuwamo watu 1,511, na karibu 1,000 kati yao walikuwa wa Rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki. Wengine walikuwa mabaharia, wauguzi wa kike na wanawake wa jeshi la majini. Mchana wa tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili, ikazama kwa muda usiofika dakika 2. Waliokuwa chini, na askari wengi wa mizinga walikuwa chini, hawakupata nafasi ya kupanda ngazi. Nyambizi ilijificha chini ya maji mahali pale pale ambapo walionusurika walikuwa wakielea, na manowari Petard, ambayo ilikuwa na wajibu wa kuzilinda meli nne zilizobaki, iliangusha mabomu ya kulipukia majini katikati ya watu hao waliokuwa wakiinua mikono kutaka kuokolewa. I-27 ililazimishwa kutokea juu, ikazamishwa. Waliokufa katika Khedive Ismail walikuwa 1,297.

Sijui msiba mwingine wa vita hivyo uliochukua watu wetu wengi namna hii kwa mara moja, wala sijapata kuusikia ukitajwa katika hotuba ya siku ya mashujaa. Mjapani aliyengojwa Mombasa, Malindi, Tanga na Unguja kwa usiku mwingi wa giza alikutana na watu wa Afrika Mashariki huko, mbali na pwani, na aliokutana nao ni wale ambao serikali ilikuwa imewapakia yenyewe. Wakati huo Kilindini ilikwisha kurudi kuwa bandari ya kawaida, kwani Somerville aliyarudisha makao yake Ceylon mwezi wa Septemba 1943, na taa za mji zilikuwa zikiwashwa.

Makaburi ya bahari hayana jiwe. Lakini katika makaburi ya vita ya Nairobi, kando ya Barabara ya Ngong, upo Ukumbusho wa Afrika Mashariki, na juu yake yamechorwa majina ya askari wasiokuwa na kaburi lijulikanalo, wakiwamo wale wa Rejimenti ya 301. Nawasihi walimu wa historia wa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja, kila wanapopata njia ya kwenda Nairobi, wawapeleke wanafunzi wao wakayasome majina hayo kwa sauti, kwa kuwa humo yamo majina ya kwao.